Mekapu mpya za machipuko (Chanel, Dior, Guerlain na wenzao) kwa ngozi zetu na jua la Arusha na Moshi: tupeane uzoefu

Mpambaji wa Njiro

Wadau, habari zenu.

Kila mwaka kati ya Januari na Machi kampuni kubwa za Ufaransa, Marekani na Japani hutoa matoleo yao ya machipuko: waridi hafifu, zambarau ya maua, kijani cha mnanaa, rangi ya matumbawe, dhahabu nyeupe. Huko baridi inaelekea kuisha. Kwetu Januari na Februari ni jua na vumbi, halafu masika yanaingia. Vitu vyenyewe vinafika kwa mkono wa mtu anayetoka Dubai au Nairobi, na ukishalipa hakuna kurudisha. Kiboksi kimoja cha rangi nne za macho kinaweza kukutoa laki na zaidi. Kwa hiyo tuwekeane hapa namna ya kujaribu kabla ya kutoa hela, na nini kinaharibika na kwa nini. Naomba tuandike hatua na vipimo. "Ni nzuri sana shoga" haimsaidii mtu.

Naanza na faundesheni. Usiipime kwenye mgongo wa mkono, na kwa ndani ya mkono ndiyo usithubutu kabisa, maana hapo ngozi ya wengi ni nyeupe kuliko uso. Chora mistari mitatu kutoka chini ya shavu, ipite taya, ifike shingoni: namba unayodhani ni yako, moja iliyo juu yake na moja iliyo chini. Upana wa kidole cha mwisho unatosha. Kisha kaa dakika 30 bila kugusa. Faundesheni nyingi hukolea au huelekea kwenye chungwa baada ya muda huo, kwa sababu maji na silikoni nyepesi zimepaa na rangi iliyobaki imelowana na mafuta ya ngozi yako. Toka nje ukasimame kivulini, mbali na taa za dukani. Mstari unaopotea kwenye taya na shingoni kwa pamoja ndio namba yako. Uso wa mtu wa Arusha mara nyingi umechomwa na jua kuliko shingo, kwa hiyo vikibishana, sikiliza shingo na kifua.

Kuhusu herufi: Estée Lauder na Lancôme wanatumia C kwa ngozi yenye wekundu (wenyewe wanaiita ya "ubaridi"), N ya katikati, W yenye manjano au dhahabu. MAC wamegeuza: NC ni ya ngozi yenye udhahabu, NW ni ya yenye wekundu. Anayetoka Lancôme W kwenda MAC kwa kufuata herufi hiyo hiyo anarudi nyumbani na chupa ya mtu mwingine.

Kiboriloni_Rangi

Asante dada kwa kufungua uzi. Niingie kwenye rangi hafifu zenyewe, maana ndipo machozi ya machipuko yalipo.

Zambarau ya maua au waridi la mtoto hutengenezwa kwa rangi kali iliyochanganywa na unga mweupe, mara nyingi titani dioksaidi, ile inayoandikwa CI 77891 kwenye orodha ya viambato. Kwenye ngozi nyeupe ule weupe unajificha. Kwenye ngozi yetu weupe ndio unaotangulia kuonekana, rangi inafuata nyuma, na matokeo ni majivu. Orodha ya viambato haitakuambia uko kwa kiasi gani, kwa sababu boksi moja huorodhesha rangi zote za mfululizo mzima. Jaribio la kweli ni hili: kwangua kidogo kwa kidole, paka mara moja tu juu ya mkono uliopigwa jua, halafu futa nusu kwa tishu. Kikibaki kivuli cha rangi, inafaa. Ikibaki alama kama ya chaki ya ubaoni, iache dukani.

Kama umeshainunua, bado inaokolewa kwa msingi wa rangi ile ile iliyokolea:

1. Konsila (krimu nzito ya kuficha madoa) kiasi cha punje moja ya mchele kwa kope zote mbili. Ikizidi hapo, rangi itajikunja kwenye mkunjo kabla ya saa mbili kupita.
2. Penseli ya zambarau iliyoiva, kwenye kope inayofumba tu. Sambaza kwa kidole cha pete mara moja. Penseli zisizotoka kwa maji hukauka ndani ya nusu dakika, na zikishakauka hazisambazwi tena.
3. Aishedo hafifu juu yake kwa brashi bapa yenye unyevu kidogo. Gandamiza, inua, gandamiza. Ukisugua unang'oa msingi, na majivu yanarudi pale pale.
4. Kahawia isiyong'aa kwenye mkunjo, karibu na rangi ya ngozi yako, ili zambarau isionekane imekatwa kwa mkasi.

Ikikaa sawasawa, ukitazama karibu utaona ukingoni mwa kope ile penseli nyeusi-zambarau ikichungulia, na katikati pameng'aa kama ua la mjakaranda lililoangukia kwenye lami yenye maji. Kama unaitaka rangi hiyo iendane na mji, tunza unga wako hadi Oktoba na Novemba mijakaranda ya Arusha ikichanua. Unga mkavu hauozi haraka.

Rangi zenye kung'aa hutusamehe zaidi kuliko zisizong'aa. Kijani cha mnanaa kisichong'aa sikipendekezi kwa ngozi iliyokolea, hata kiwe cha kampuni gani.

Mama Soweto Moshi

Na blasha je, mwanangu? Hizi za waridi hafifu ndizo wanazoziuliza mabibi harusi, na joto la Moshi mnalijua.

Kiboriloni_Rangi

Shikamoo mama. Ni utaratibu ule ule. Chini weka blasha ya krimu yenye rangi ya zabibu au tunda damu, nukta tatu kwa kila shavu, igonge kwa sponji hadi ionekane inatoka ndani ya ngozi. Ipige poda nyembamba. Waridi hafifu la unga lije juu ya mfupa wa shavu tu, mara moja. Orgasm ya NARS, inayouzwa tangu 1999, ni mfano mzuri: peke yake kwenye ngozi iliyokolea huonekana kama dhahabu bila waridi, lakini juu ya krimu ya zabibu inapendeza mno.

Météorites za Guerlain (zile shanga za poda, zipo tangu 1987) zina shanga nyeupe, zambarau na kijani za kusawazisha rangi ya uso. Usizipake uso mzima. Zungusha brashi mara moja, kung'uta, kisha gusa mfupa wa shavu na daraja la pua. Na Prisme Libre ya Givenchy, poda ya uso, huja na rangi nne ndani ya kikopo kimoja, kwa hiyo chagua mchanganyiko wa rangi zilizoiva. Ile hafifu kabisa ni unga wa ngano usoni petu.

Fundi Kaloleni

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni lipstiki na meno.

Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, na watu wengi waliokulia huku wana meno yenye madoa ya kahawia. Si uchafu wala si aibu, ni maji. Ila rangi ya mdomo inaweza kuyatuliza au kuyapigia tarumbeta. Matumbawe, chungwa na pichi, yaani nusu ya kila toleo la machipuko, zina manjano ndani yake, na manjano hayo huyaamsha yale ya kwenye meno. Rangi zenye bluu kwa ndani (waridi kali, fuksia, nyekundu ya cheri, damu ya mzee) hufanya meno yaonekane meupe zaidi. Ukiwa na mteja wa namna hii, mpe machipuko kwenye macho na mashavu, mdomo umpe waridi lenye bluu. Au kama matumbawe ameyapenda kwa moyo wote, penseli ya damu ya mzee pembeni, na matumbawe katikati tu.

Kupima: usipake kijiti cha dukani mdomoni, hata muuzaji akikuhakikishia ni kisafi. Tumia ncha ya kidole, pale kwenye nyama, ambapo rangi inakaribiana na ya mdomo kuliko mgongo wa mkono. Ukilazimika kujaribu mdomoni, kata kipande cha juu kwa kijiko kidogo cha plastiki kilichofutwa kwa spiriti ya asilimia 70, paka kwa brashi yako. Maskara ya majaribio, kataa tu.

Wengi wetu mdomo wa juu ni mweusi na wa chini una wekundu. Rangi hafifu ikipakwa hapo inatoka rangi mbili. Penseli ya kahawia kwenye mdomo wa chini wote, konsila kidogo sana katikati ya mdomo wa juu, kisha lipstiki. Lip Glow ya Dior na nyingine zinazobadilika kufuata unyevu wa mdomo hazifuniki kitu. Kwenye mdomo mweusi zichukulie kama mafuta mazuri yenye kung'aa, na uzilipie kwa akili hiyo.

Dada Sakina

Swali: "SPF" (namba ya kinga ya jua) iliyoandikwa kwenye faundesheni inatosha kwa jua la huku?

Mpambaji wa Njiro

Haitoshi, dada. Namba hiyo hupimwa kwa miligramu 2 za krimu kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Kwa uso na shingo ni kama mistari miwili ya krimu kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati. Hakuna anayepaka faundesheni kiasi hicho, na akipaka atafanana na kinyago. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na karibu na ikweta. Kibaridi kinadanganya, jua linachoma vile vile.

Paka krimu ya jua peke yake kwanza, SPF 30 au 50. Subiri dakika 10 hadi 15. Ukikimbilia praima (krimu ya kutangulia faundesheni) kabla haijashika, utaona vinyuzi vidogo vikijisokota chini ya kidole kama makombo ya kifutio. Hapo usiongeze kitu, futa uanze upya, na safari hii gonga kwa sponji badala ya kuvuta. Kwa picha za usiku za sendofu, krimu za jua zenye zinki au titani na poda nyeupe za silika hurudisha mwanga wa flashi na uso unatoka mweupe shingo nyeusi. Piga picha moja ya majaribio yenye flashi kabla bibi harusi hajatoka chumbani.

Mdau wa Majengo

Vumbi na bodaboda. Faundesheni zenye unyevunyevu wa kung'aa, zile machipuko yanazozipenda, ni gundi ya vumbi. Kama mteja atasafiri kwa boda, ng'aisha mfupa wa shavu tu, paji na kidevu vipigwe poda. Kofia ngumu hufuta paji la uso na mashavu: weka kitambaa laini cha satini ndani, na asivae kabla ya dakika 10 tangu poda ipigwe. Jasho la Moshi lidonolewe kwa tishu kabla ya kuongeza poda. Poda juu ya jasho inaganda madoa, na hayo hayatoki bila kuondoa kila kitu.

Fundi Kaloleni

Kuhusu feki, kwa kifupi. Namba ya toleo iliyo chini ya kikopo lazima ifanane na ya kwenye boksi. Tazama alama ya kopo lililofunguka yenye 6M, 12M au 24M, ndiyo miezi ya kutumia tangu ufungue. Maskara usivuke miezi 6, hata kama imebaki. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), kwa hiyo muuzaji wa dukani aulizwe kuhusu usajili. Na "faundesheni ya kifahari" inayoahidi kukung'arisha kwa wiki mbili ikimbie, maana hydroquinone (dawa ya kuchubua ngozi) na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini na bado zinapenyezwa.

Hata kitu halisi kinaweza kukuwasha, kwani kampuni hizi zinapenda manukato. Paka kidogo nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku 7, ndipo kipande usoni.

Dada Sakina

Na kiboksi kilichovunjika njiani kutoka Namanga?

Kiboriloni_Rangi

Unga wa kugandamizwa unaweza kuokolewa. Ponda wote uwe laini kabisa, usibakize bonge. Dondoshea spiriti ya isopropili ya duka la dawa (ile ya bluu ya kuwashia usiiguse, ina sumu) hadi uwe kama uji mzito, matone 10 hivi kwa kisahani kidogo. Tandaza, funika kwa tishu, gandamiza kwa sarafu iliyofutwa, badilisha tishu hadi isilowe tena. Acha wazi saa 24 mahali pasipo na vumbi. Ukiufunga mapema unapasuka tena. Zile zilizookwa zenye mgongo wa mviringo hazirudi sura yake, hizo zitie kwenye kikopo uzitumie kama unga. Na safari ijayo weka kipande cha pamba kati ya unga na kioo kabla ya kufunga.