Usonji: tumvue mtoto hirizi kwanza ndipo twende hospitali?

Wakuu, jambo hili limetugawa kwenye ukoo wetu hapa Tanga. Mpwa wangu ana miaka minne, hasemi, ukimwita hageuki. Mpe kifuniko cha sufuria, atakizungusha sakafuni mpaka adhuhuri. Daktari alisema ni usonji (autism), yaani ubongo unakua kwa namna tofauti, na usemi na mawasiliano yanaathirika. Bibi yake akasema mtoto kachezewa na jini, na neno la bibi ndilo lililoshika: kombe la zafarani (aya zinaandikwa kwa zafarani, zinaoshwa, anakunywa), mafusho ya ubani, hirizi shingoni. Karatasi ya daktari iko kabatini.

Mimi naona mabishano ya dawa yanaanzia kwenye swali la "kimemfika nini?" Anayeamini ni jini atatafuta wa kulipunga. Hawezi kumwona mtaalamu wa usemi ana kazi gani hapo.

Na msiseme ni ushamba wa pwani. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa Uingereza alichapisha makala ya watoto 12 iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Ilifutwa 2010, naye akaondolewa kwenye rejista ya madaktari, lakini hofu ilishasambaa. Wengine wakashika kwamba usonji unaletwa na zebaki, madini yenye sumu, iliyomo mwilini mwa watoto. Huko Pennsylvania, 2005, mtoto wa miaka mitano alifariki akiwekewa dripu ya kutoa madini mwilini. Wapo waliowanywesha watoto maji ya kuondolea madoa, hadi mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo 2019. Watu wenye digrii hao! Nao wanapunga jini, ila lao linaitwa zebaki.

Kombe silipingi. Halimdhuru mtoto, linamtuliza bibi, na bibi ndiye anayeshinda naye. Ninachopinga ni kusubiri. Tuliambiwa tumalize siku saba kwanza. Leo ni mwezi wa kumi na moja tangu hapo, na umri huu ndio wa kumfundisha hata kuonyesha kidole akitaka maji.

Lakini na hospitali wana lao. Dada yangu alipokwenda, muuguzi aliiona hirizi akacheka. Dada hakurudi tena. Angeulizwa tu, "Mama, wewe unadhani ni nini?", pengine tungekuwa mbali.

Jumatatu tuna miadi mipya. Bibi anataka kuja, na kasema hirizi haivuliwi. Mimi naona aje nayo. Shemeji anasema tutachekwa tena. Nyie mngefanyaje?