Ushauri: kifurushi cha faiba chenye TV na simu za bure, au intaneti peke yake? (Tudor, Mombasa)

Bint Tudor

Assalamu alaikum, na salamu kwa nyote. Naomba ushauri wa wale waliokwisha kufungiwa faiba nyumbani, hasa hapa kisiwani. Tumehamia ghorofa ya tatu ya jengo moja huku Tudor, na mawakala wa kampuni mbili wamekwisha kutubishia mlango.

Wa kwanza anatupa megabiti 20 kwa sekunde kwa shilingi 4,200 kwa mwezi, pamoja na king'amuzi chenye chaneli zaidi ya sabini na simu ya mezani, vyote bure. Kufungiwa ni bure pia, na miezi mitatu ya mwanzo tutalipa nusu ya bei, ila mkataba ni wa miezi 24. Wa pili anatoa megabiti 15 kwa shilingi 3,000 na hana zawadi yoyote: kufungiwa ni shilingi 3,500, nasi tunaweza kuacha mwezi wowote tutakao.

Nyumbani tuko watu wazima watatu, yaani mimi, mume wangu na mama mkwe, pamoja na watoto wawili wa sekondari. Mume wangu ameshavutiwa na hizo za bure. Mimi nasita, lakini sina hoja ya kumpa zaidi ya huko kusita. Je, vitu hivi vya bure vina faida ya kweli?

Mhasibu wa Ganjoni

Wa alaikum salaam, dada. Hoja ya kumpa shemeji ni hesabu ya muda wote wa mkataba, kwa sababu wakala hutaja bei ya mwezi wa kwanza na mtu akajipimia kwa hiyo.

Kwa miezi 24, kampuni ya kwanza itapokea shilingi 6,300 za miezi mitatu ya nusu bei na shilingi 88,200 za miezi 21 iliyobaki, jumla 94,500. Ya pili itapokea 72,000 na zile 3,500 za kufungiwa, jumla 75,500. Tofauti ni shilingi 19,000, ambazo ukizigawanya kwa miezi 24 ni kama 790 kila mwezi. Hiyo ndiyo bei ya TV, simu na megabiti tano za ziada, ijapokuwa kwenye karatasi pameandikwa bure.

Kuna jambo jingine ambalo huenda litakushangaza. Ukijumlisha mwezi kwa mwezi, kifurushi cha kwanza ndicho nafuu hadi mwezi wa nane: umelipa 27,300 dhidi ya 27,500. Mwezi wa tisa mizani inageuka, na haitarudi tena. Kwa hiyo punguzo lao ni la kweli kabisa kwa mtu atakayehama mapema, isipokuwa huyo ndiye mkataba unaomzuia kuhama. Muulize wakala, tena akujibu kwa maandishi, utalipa nini ukivunja mkataba mwezi wa kumi. Muulize pia kama bei hizo zimekwisha kujumuisha VAT ya asilimia 16.

Fundi Waya

Mimi kazi yangu ni kufunga, kwa hiyo hesabu namwachia Mhasibu na nitasema ya mitambo.

Video ya HD huhitaji takriban megabiti tano kwa sekunde. Kwa watu watano ambao hawatazami wote kwa pamoja, 15 zinatosha kama zinafika kweli, na hapo ndipo pa kuulizia. Waulize majirani wa jengo hilo hilo kasi wanayoipata saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko nyumbani, kwa sababu kasi ya saa nne asubuhi haikwambii kitu. Uliza pia kama kuna kikomo cha matumizi ambacho ukikivuka wanakupunguzia kasi. Vifurushi vingi vinavyoitwa vya bila kikomo vinacho, nacho hukaa mwisho wa masharti, kwenye maandishi madogo.

La pili ni kwamba huduma tatu katika waya mmoja huzimika zote tatu waya ukikatika. Watu wa hapa hujiona salama kwa kuwa nyaya za baharini kama TEAMS na SEACOM zinatua Mombasa, lakini Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota Afrika Mashariki yote, nasi tulio karibu na ufuo hatukusalimika. Achilia mbali waya wa mtaani unaokatwa na lori lililopita chini ya nguzo, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko hilo la baharini. Simu ya mezani ya faiba nayo hutegemea umeme wa nyumbani mwako. Stima zikipotea, imezimika pamoja na ruta, tofauti na zile simu za zamani za waya wa shaba.

Bint Tudor

Shukran sana kwenu nyote wawili. Nimemwonyesha mume wangu hiyo hesabu ya mwezi wa tisa naye amenyamaza, jambo ambalo si la kawaida. Kuhusu simu ya mezani sina wasiwasi, kwani hakuna atakayeitumia: jamaa zetu wote tunawapigia kwa rununu. Kinachobaki ni mama mkwe, ambaye hutazama tamthilia na taarifa ya habari kila jioni. Je, kwa ajili yake TV hiyo haistahili?

Bi Mkubwa wa Mji wa Kale

Mwanangu, hapa mimi siko pamoja na hao wanaume wa hesabu. TV inayotazamwa kila jioni na mama wa nyumba ina thamani yake, na kama angelinunuliwa kifurushi kingine cha TV kwa zaidi ya hizo 790, basi kifurushi cha kwanza kimewafaa. Ila kaa naye kwanza umuulize anatazama nini hasa. Kama ni Citizen, KBC na wenzao, hizo tangu tulipohamia dijitali mwaka 2015 zinapatikana kwa antena na king'amuzi cha kununua mara moja, bila malipo ya kila mwezi. Kama ni tamthilia za chaneli maalumu, mwambie wakala akupe orodha ya chaneli zenyewe, kwa majina. Katika sabini na zaidi, nyingine ni redio, na nyingine ni za lugha ambazo humo ndani hakuna azijuaye. Na kama mumeo anatarajia ligi ya Uingereza, aitafute katika orodha hiyo kabla ya kutia saini.

La mwisho kutoka kwangu: nyumba zetu za zamani zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na mawimbi ya waifai huishia chumba cha pili. Jengo lenu la kisasa halina taabu kubwa namna hiyo, lakini mwambie fundi aweke ruta katikati ya nyumba, wala si mlangoni alipoishiwa na waya.

Kijana wa Bamburi

Dada, kabla ya hayo yote, muulize mwenye nyumba ni kampuni gani zinazoruhusiwa kuingia katika jengo hilo. Kwetu tulipochagua tayari, mlinzi wa jengo alimzuia fundi getini kwa sababu kampuni nyingine ilikwisha kuelewana na mwenye nyumba. Na kama wewe ni mpangaji, mkataba wa miezi 24 ni mrefu kuliko uhakika wako wa kukaa hapo. Uliza kama unaweza kuhama nao hadi Nyali au Kisauni bila kulipia upya.

Ukiwa na malalamiko, anza na kampuni yenyewe na uhifadhi nambari ya lalamiko lako. Wasipokusikiliza, unaweza kuyapeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Bint Tudor

Nimemuuliza mama mkwe. Hutazama Citizen na KBC tu, na anasema chaneli sabini zitamsumbua. Mwenye nyumba anaruhusu kampuni zote mbili, basi tumeelekea kwenye ile ya shilingi 3,000. Fundi Waya, king'amuzi cha antena kitashika vizuri ghorofa ya tatu, au ni lazima tupande darini?

Fundi Waya

Jaribuni kwanza na antena ya ndani, karibu na dirisha lisilozibwa na jengo jingine. Picha ikikatikakatika, wekeni ya nje, lakini msinunue vifungio vya chuma cha kawaida, kwani chumvi ya bahari huvila upesi. Ombeni vya chuma kisichoshika kutu, hata kama muuzaji atasema havina tofauti.