Ufizi ulipauka, kisha jioni damu ikaja. Ilikuwa imejificha wapi?

NyarDunga: Hamjambo. Mimi nauza samaki Dunga, Kisumu. Jumanne niling'olewa gego la chini. Baada ya sindano ya ganzi nilijitazama kwenye kioo, ufizi ulikuwa mweupe kama minofu ya mbuta iliyooshwa. Jino likatoka, damu kidogo tu. Nikauma pamba, nikarudi sokoni. Ganzi ilipoisha, damu ikaanza kutiririka hadi kona ya leso ikalowa. Niliuma kitambaa safi nusu saa, ikakoma. Sina maumivu sasa, lakini swali halinitoki: nani aliifunga ile damu, na nani akaifungua?

Afisa wa meno, Nakuru: Pole sana dada. Kwenye lignokaini, dawa ya ganzi, mara nyingi huwa kuna adrenalini kidogo mno: gramu 1 katika mililita 80,000 au 100,000. Hiyo hushika misuli laini inayozunguka vimishipa vya ufizi, nayo ikakaza. Damu hupungua, ufizi hupauka. Ni makusudi, ili ganzi isibebwe haraka na damu. Adrenalini ikiisha nguvu, vimishipa hulegea, pengine hata kupita kawaida yake. Ulifanya vizuri kuuma kitambaa. Ila siku ya kwanza usisukutue, bonge la damu lililoziba shimo litatoka. Ikirudi na isikome, nenda kliniki.

Mwalimu wa Bayo, Kakamega: Niongeze upande wa kufungua. Ukuta wa ndani wa mshipa wenyewe hutengeneza gesi, oksidi ya nitriki, inayolegeza misuli hiyo hiyo. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kazi hiyo. Tena kinywa kina njia ya pekee: ukila terere au sukuma, nitrati ya mboga hurudi kwenye mate, bakteria wa ulimi huigeuza nitriti, na mwilini nitriti huweza kuwa gesi hiyo. Wanafunzi wangu hawaamini mpaka nirudie mara mbili. Na pilipili je? Huamsha neva za hisia, nazo hutoa kemikali za kupanua mishipa. Ndiyo maana midomo hupata joto na wekundu.

NyarDunga: Asante mwalimu, asante daktari. Sasa nawaza habari ya baba. Amevuta sigara tangu ujana, na hajawahi kutoka damu akipiga mswaki. Hujisifu kuwa ufizi wake ni mzima. Lakini meno mawili ya mbele yanacheza.

Afisa wa meno, Nakuru: Hapo nina wasiwasi. Ufizi wa mvutaji hautoi damu kwa urahisi, na nikotini hubana vimishipa. Mfupa unaoshika meno unaweza kuwa unaliwa chini na dalili isionekane. Apimwe kina cha nafasi iliyo kati ya ufizi na jino, kila jino. Yuko karibu?

NyarDunga: Yuko Bondo. Ijumaa nampelekea omena. Nitarudi naye kwa matatu, hata akikataa.