Wajerumani wa kale walikuwa wanaabudu nini, na hawa wanaovaa nyundo ya Thor leo ni dini ile ile?

Mlupembe
Wakuu habari za muda huu. Mimi niko Ujerumani, huku Hessen, napiga kazi kwenye ghala la mizigo. Sasa pale kazini kuna mzee mmoja wa makamo anavaa cheni yenye kinyundo kidogo cha chuma, nikamuuliza hiyo nini akaniambia ni nyundo ya Thor, yeye hana kanisa, anafuata dini ya mababu zake. Nilishangaa sana kwa sababu mimi nimelelewa KKKT kule Njombe, Injili tumeletewa na hao hao Wajerumani na wamisionari wao ndo waliwaambia mababu zetu waache matambiko, kumbe na kwao yalikuwepo! Halafu majuzi nimepita Fritzlar, karibu na kanisa kuu pale kuna sanamu ya Mtakatifu Bonifasi kasimama juu ya kisiki ana shoka.

Naombeni mwenye uelewa anisaidie, hii dini ilikufaje, kuna chochote cha kweli kimebaki au haya ya leo watu wamejitungia tu, na je ni kweli kama anavyosema jamaa ninayekaa naye kwamba kila mwenye nyundo ile ni nazi?

Kitabu_Wazi
Mlupembe umegusa penyewe. Hiyo sanamu inahusu mwaloni wa Donari, ndo Thor huyo huyo, mungu wa radi, kwa jina la kusini. Bonifasi alikuwa Mwingereza, mwaka 723 au 724 akaukata ule mti watu wakiangalia na kumlaani moyoni, halikumpata baya lolote, mbao zake akajengea kanisa la Petro. Aliyeandika habari hiyo ni padri Willibald, mtu wa upande wa Bonifasi, kwa hiyo isome ukijua hilo, wenye mti wao hatuna hata mstari mmoja walioandika.

Ila hiyo ya mti ilikuwa nyepesi, shughuli ilikuwa kwa Wasaksoni, kabila la Wajerumani wa kaskazini. Mwaka 772 Charlemagne, mfalme Mkristo wa Wafranki, alibomoa Irminsul, ile nguzo yao takatifu, na 782 pale Verden kumbukumbu za kifalme zinasema aliua watu 4,500 kwa siku moja. Baada ya hapo ikatungwa sheria, ukikataa ubatizo kifo, ukimchoma maiti kwa desturi ya zamani kifo, hata kula nyama wakati wa Kwaresima kwa dharau, kifo pia. Kuna kiapo cha ubatizo cha Kisaksoni kimebaki mpaka leo, anayebatizwa anatakiwa awakane Thunaer (ndo Donari), Woden na Saxnote kwa majina yao kabisa. Mimi naona ule ni ushahidi mkubwa kuliko hadithi nyingi, kwa sababu hakuna mtu anakulazimisha umkane mungu ambaye humuabudu.

Dada Reikjavik
Naongezea kaka, wakati mwingine haikuwa upanga. Huku Iceland mwaka 999 au 1000 nchi ilitaka kugawanyika kati ya Wakristo na wa dini ya zamani, wakamwachia uamuzi Thorgeir msema sheria wa bunge lao, na yeye hakuwa Mkristo. Akajifunika vazi lake akalala humo mchana na usiku, akatoka akasema wote tubatizwe, ila mambo matatu yabaki, kula nyama ya farasi, kutupa watoto wachanga, na kutoa sadaka kwa siri nyumbani. Baada ya miaka michache nayo yakafutwa.

Shafii wa Pwani
Tusizunguke sana, mti wa Krismasi, Pasaka na sungura wake wote, huo ndo upagani wa Wajerumani umevikwa joho la kanisa.

Kitabu_Wazi
Shafii hapo taratibu ndugu yangu. Mti wa Krismasi unaanza kuonekana kwenye maandishi miaka ya 1400 na 1500 huko, Alsace na miji ya jirani, Charlemagne kashakufa zaidi ya miaka 600. Na huyo mungu wa kike Eostre ambaye watu wanamhusisha na Pasaka, aliyemtaja ni mtawa Mwingereza Bede mwaka 725, kwa sentensi mbili tatu tu, na sungura hayumo, sungura anakuja kuandikwa 1682. Watu wanapenda sana kurudia haya ndo maana hata masalia ya kweli yanakosa msomaji.

Mlupembe, unataka kitu cha kweli kilichobaki? Mwaka 1841 mtafiti Georg Waitz alikuwa anapekua maktaba ya kanisa kuu la Merseburg, akakuta kwenye ukurasa uliobaki wazi ndani ya kitabu cha kidini cha Kikristo mtu wa miaka ya 900 kaandika makago mawili, yaani maneno ya kunuia. La kwanza ni la kumfungua mateka minyororo. La pili ni la farasi aliyeteguka mguu, linasimulia miungu Wodan (ndo yule Woden) na Phol walikuwa wanaenda msituni, farasi wa Balder, mungu mwingine, akateguka, wakaja miungu wa kike mmoja mmoja wakanuia, Sinthgunt na Sunna, Friia na Volla, mwisho Wodan mwenyewe, ndo yanakuja maneno yenyewe: mfupa kwa mfupa, damu kwa damu, kiungo kwa kiungo, viwe kama vimegundishwa.

Na kitabu hicho hicho kina kiapo cha ubatizo cha kumkana shetani! Wataalamu wengi wanakihusisha na Fulda, monasteri alipozikwa Bonifasi. Sasa jiulize mtawa aliyeyaandika alikuwa anawaza nini. Mimi naamini kulikuwa na farasi anachechemea nje na mwenye farasi anataka dawa.

Mlupembe
Aisee hii ya farasi imenigusa, bibi yangu alikuwa ananuia karibu hivyo hivyo akimkanda mtu mguu. Sasa na hawa wa leo?

Dada Reikjavik
Hawa ni uamsho, mnyororo ulikatika. Huku kuna chama kinaitwa Ásatrúarfélagið, kilianzishwa 1972 na mfugaji wa kondoo aliyekuwa pia mshairi, Sveinbjörn Beinteinsson, serikali ikakitambua 1973, wanafungisha ndoa na kuzika kihalali. Wanategemea mashairi ya Edda, hadithi za miungu hao, yaliyoandikwa ngozini miaka ya 1200 na Wakristo, na hawafichi. Ibada yao ni blót, watu wanakusanyika, mashairi yanasomwa, pembe ya kinywaji inazungushwa kila mtu anasema neno, halafu wanakula, hakuna kuchinja. Kiongozi wao Hilmar Örn Hilmarsson alishasema hadharani kwamba hadhani kuna anayeamini kweli habari ya mtu wa jicho moja juu ya farasi wa miguu minane, yaani Odin, ndo Wodan kwa jina la huku, kwao hadithi zile ni mashairi ya kuelewa maisha. Naona huo ndo ukweli unaostahili heshima, kuliko anayekuambia bibi yake alimrithisha siri ya miaka elfu.

Kitabu_Wazi
Kuhusu unazi, jamaa yako hajakosea kote lakini kasema kwa jumla mno. Himmler na SS, kikosi chake cha kinazi, walizichukua runi, zile herufi za kale, wakazichafua, na lile jua jeusi watu wanaloliita la kale limetoka kwenye sakafu ya ngome ya Wewelsburg enzi za SS, halina uzee wowote. Mpaka leo yapo makundi yanayosema dini hii ni ya damu ya wazungu tu. Mwaka 2016 kundi moja la Marekani lilipotangaza hivyo, vyama vingi vya wenye imani hiyo nchi mbalimbali vilitia saini tamko la kulikataa, wakaliita Tamko la 127 kwa beti ya Hávamál, shairi mojawapo la Edda, inayosema ukiona uovu utamke. Nyundo yenyewe ni ya kale kweli, Denmark imechimbuliwa kalibu ya jiwe iliyokuwa inatengeneza msalaba na nyundo pamoja, fundi anamuuzia kila mteja cha kwake.

Kwa hiyo mwangalie mtu na vingine anavyovaa. Runi mbili za SS, hizo Ujerumani ni kosa la jinai.

Mlupembe
Huyu mzee hana hivyo vingine na ndo alinifundisha kuendesha foklifti nilipoanza, hana neno na mtu. Nitamuuliza kama ana habari za hayo makago.

Kitabu_Wazi
Muulize, na kama mna wikendi ya bure Merseburg iko jirani na Halle, kwa treni mnafika. Mwambie akusomee lile la farasi kwa Kijerumani chao cha zamani, lina mdundo wake.