Mjadala: Vitambaa kwenye visima vitakatifu vya Ireland, viondolewe au viachwe?

Wakuu, heshima kwenu. Kuna jambo linaniumiza, naomba tulijadili kwa hoja.

Ireland ina visima vitakatifu vinavyokadiriwa kufika 3,000. Vingi ni chemchemi tu pembeni ya shamba, kila moja na mtakatifu wake na maradhi yake: hii ya macho, ile ya meno. Tobar na nGealt, kule Kerry, ilikimbiliwa na waliorukwa na akili. Mgonjwa huzunguka kisima kwa kufuata mwendo wa jua huku akisali, hunawa, kisha hufunga kipande cha nguo kwenye mti wa jirani. Kitambaa kikioza, na ugonjwa unakwisha.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Zamani nguo ilikuwa kitani au sufu, mvua za Ireland ziliimaliza. Leo watu wanafunga poliesta, kamba za viatu, hata mifuko ya plastiki. Tawi linakabwa mpaka linakauka. Kwa imani yenyewe ya mila hii, kitambaa kisichooza kinaubakiza ugonjwa palepale! Nasema viondolewe. Anayepinga aje.

— Napinga, mkuu. Sheria ya mwaka 1704, iliyotungwa kuwabana Wakatoliki, ilimtoza faini ya shilingi 10 aliyekutwa kwenye mkusanyiko wa kisimani, na asiyelipa alichapwa viboko hadharani. Baadaye maaskofu Wakatoliki wenyewe wakazipiga vita sikukuu za visimani kwa sababu ya ulevi na ngumi. Kila aliyekwenda pale na fagio alikuwa na sababu nzuri mdomoni. Wewe yako ni mti.

— Mimi nauliza kuhusu Liscannor, katika kaunti ya Clare. Njia ya kuingilia kisima cha Mtakatifu Brigid imejaa rozari, sanamu, picha na kadi za marehemu. Mama aliyebandika picha ya mwanawe pale hakutaka chochote kioze. Alitaka mtoto akumbukwe. Naye tumwondolee?

— Hapana, dada. Hapo umenishinda, na neno "viondolewe" nalipunguza: picha na kadi zisiguswe kabisa. Kwenye miti sirudi nyuma. Tangu 2023 sikukuu ya Brigid ni siku ya mapumziko kitaifa, na sioni wageni wakipungua. Ila ndugu wa viboko ana haki ya kuogopa, kwa hiyo mkasi usishikwe na afisa kutoka Dublin. Washike wenyeji, siku ya mtakatifu wao, wakishamaliza kuzunguka na kusali. Wakate poliesta, waache pamba. Na mgeni akifika, aambiwe mapema afunge nini, tena asikaze.

— Na wenyeji wakikataa kukata, mkuu?

— Basi visikatwe. Kisima ni chao. Nitaumia, lakini nitakubali.