Re: Bima ya mafuriko imepanda, na mto hatuna

Mbukwenyi ndugu zangu. Bili ya bima ya mafuriko imekuja na imepanda tena, wakati nyumba yetu hapa Houston haimo kwenye eneo la hatari la ramani ya mafuriko. Mume wangu anataka tuachane nayo. Kaka uliyerudi Dodoma, ulipitia haya. Unasemaje?

----

Mbukwa dada. Hiyo inatokana na mfumo mpya wa kupanga bei. FEMA, shirika la serikali ya Marekani la maafa, waliuanza Oktoba 2021 kwa bima mpya, na Aprili 2022 ukawafikia wanaohuisha. Zamani bei ilifuata ramani. Siku hizi wanapima nyumba moja moja: umbali wake na maji, urefu wa sakafu kutoka ardhini, aina ya msingi, na gharama ya kuijenga upya. Hata mvua kubwa inayozidi mifereji imo kwenye hesabu, ndiyo maana huna mto na unalipa. Ramani bado inatumika kuamua nani analazimishwa na benki kukata bima.

Kwa nyumba unayoishi mwenyewe, sheria inazuia nyongeza isizidi asilimia 18 kwa mwaka, mpaka ufike bei kamili, yaani ile inayolingana na hatari halisi ya nyumba yako. Mwambie wakala akutajie hiyo bei kamili. Huenda umebakiza kidogo, huenda utapandishiwa miaka kumi, na bili ya mwaka huu pekee haikuonyeshi.

Shemeji naye asiwe na haraka. Bima ikifa, mkirudi mtaanzia bei kamili, na kwa kawaida mtasubiri siku 30 kabla haijaanza kufanya kazi. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Mafuriko ya kimbunga Harvey cha 2017 yaliingia nyumba nyingi za hapo hapo Houston ambazo ramani haikuziweka kwenye hatari. Tena kumbukeni vyombo vya ndani vinakatiwa peke yake: jengo mwisho dola 250,000, vyombo dola 100,000.

Linalotuhusu sana sisi tunaorudi nyumbani ni hili, na mawakala hawalisemi mpaka uulize. Ukihamia Dodoma ukaweka wapangaji, nyumba ile si makazi yako makuu tena, maana huishi humo zaidi ya nusu ya mwaka. Kikomo cha nyongeza kinaweza kuwa asilimia 25, na ile tozo ya dola 25 kwa mwaka inayoongezwa kwenye bili ya bima inageuka dola 250. Ingiza hiyo kwenye kodi ya pango kabla hujampa mtu funguo. Ukiamua kuuza, unaweza kumkabidhi mnunuzi bima yako pamoja na nafuu yake ya bei. Litaje hilo mapema, linavuta wateja.

----

Kaka umesema vyema. Niongeze ya huku, kwa mnaonunua viwanja Dodoma kwa picha za WhatsApp. Dalali anapiga picha Agosti, korongo limekauka, watoto wanachezea mpira humo, na wewe unaona uwanja tambarare. Januari njoo uone! Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini dalali hana futi kamba ya kupimia hilo. Na mkikata bima ya moto kwa nyumba ya huku, msidhani mafuriko yamo. Ombeni yaandikwe kwenye mkataba, msome kabla ya kulipa.

Mwenye kiwanja upande wa Nkuhungu anitumie ramani ya upimaji, nitapita nikakague mvua zikianza.