Naomba ushauri: Jumanne wanakuja kukagua shamba tunalotaka kukata parseli (viwanja vya kuuza)

MwanaKadutu
Jambo wandugu. Leo usiku wa tatu sipati usingizi. Familia yetu ina shamba la hekta 3 upande wa Mudaka, huku kwetu Kivu Kusini, Kongo, na tumepeleka barua tukate parseli 80, kila moja mita 20 kwa 20. Jumanne watu wa teritware (utawala wa eneo) na kadastra (wapimaji ardhi wa serikali) wanakuja kufanya anketi, yaani uchunguzi wa shamba. Swali langu ni moja: niwapokee namna gani ili faili ipite haraka? Msinitume kwa wakili, feza hiyo sina.

MamaNeema_Bagira
Panga viti kivulini, soda na mandazi, na usimpe mtu bahasha. Mume wangu alitoa bahasha tulipotafuta karatasi za parseli yetu. Aliyeipokea akahamishwa, aliyekuja nyuma yake akadai ya kwake. Hadi leo tuko na fishi tu, si hati kamili. Na mvua ikinyesha usiku mimi huamka kuangalia kama ukuta wa jirani wa juu haujatushukia. Mwanangu, huko kwenu ni tambarare au ni mlima? Hapa kwetu udongo unatembea.

Kamba_na_Vigingi
Nimebeba kamba ya kupimia miaka mingi. Anketi si ziara ya soda. Kwa sheria ya Julai 1973 udongo ni wa serikali, sisi tunapewa haki ya kuutumia. Kwa hiyo kabla ya kutoa haki hiyo mashambani, wanakuja kuona nani anakaa pale, mpaka unapita wapi, na nani ana neno. Majirani wanasikilizwa. Pale sasa analima nani?

MwanaKadutu
Watu wachache. Mambo madogo ya kifamilia. Nirudi kwenye swali: shefu wa lokalite (mkuu wa kijiji) nimkalishe upande gani?

Muzee_wa_Essence
Vijana mnauza shamba, kisha maharage mnanunua kwa kopo. Baba yangu alipata lake kule Walungu kwa ng'ombe mmoja wa kalinzi, malipo ya kimila ya kupewa shamba moja kwa moja. Watu walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, hadi jua likazama. Karatasi haikuwepo, lakini wote waliokunywa walijua mpaka uko wapi.

Binti_Panzi
Samahanini, hadithi hii imetungwa. Hekta 3 ni mita za mraba 30,000. Gawa kwa 400, unapata 75. Hata usipoacha njia ya mtu na mbuzi wake, 80 haziingii. Ukitoa barabara na mifereji unabaki na 60 hivi. Huyu hana shamba lolote.

Dereva_Nyawera
Nami nimewaza hivyo. Kuna mtu alilia hapa kuhusu mota (pikipiki) yake iliyoibwa, tukamchangia, kumbe hakuwa hata na baiskeli.

MwanaKadutu
Sijatunga, na msiniite mwongo. 80 zinaingia kwa sababu plani imeshika na kipande cha chini, penye migomba, kama hekta moja. Hapo analima mjane wa baba mdogo. Baba mdogo alilima kwa hisani ya babu, bwasa tu, shamba la kuazima. Tena watu 23 wameshalipa avansi (malipo ya awali), dola 300 kila mmoja. Feza nimetibisha mama yangu. Huyo mjane, mama mdogo, nitampa parseli mbili. Mlitaka nimwache mama alale bila dawa?

Kamba_na_Vigingi
Pole sana kwa mama. Nijibu hili tu: migomba ilipandwa na nani?

MwanaKadutu
Baba mdogo. Nikiwa mtoto nilikuwa nambebea machipukizi.

Muzee_wa_Essence
Basi si bwasa! Mwenye bwasa analima maharage, viazi, vitu vya msimu, anavuna anaondoka. Akionekana na chipukizi la mgomba mkononi anafukuzwa siku ileile. Muulize mama mdogo kama kalinzi ilitolewa, na nani alikuwepo.

MwanaKadutu
Shefu anasema hakuna shahidi.

Kamba_na_Vigingi
Mkaguzi akitembea kule chini, ataona visiki vizee vimezungukwa na watoto wao, atauliza ni vya nani. Mama yule akisema "ni vyangu", neno lake linaingia kwenye faili. Ni kweli haki za kimila ziko dhaifu: ibara ya 389 ya sheria ile ya 1973 iliahidi amri ya rais ya kuzipanga, na miaka zaidi ya 40 ikapita bila amri hiyo. Ndiyo sababu siku ya anketi ni kubwa kwake kuliko kwako. Chora plani upya, hekta 3, parseli 60. Wale 23 wanatosha humo.

MwanaKadutu
11 kati yao nimeshawaonyesha kule chini, karibu na chemchemi. Wamepapenda.

MamaNeema_Bagira
Chemchemi! Na majirani watachota wapi ukishaizungushia kuta? Huyo mama ana watoto wangapi?

MwanaKadutu
Wanne. Wa mwisho wamempa jina langu.

MwanaKadutu
Nimempigia mama mdogo, hakushika. Kesho alfajiri nachukua mota hadi kwake. Papa Kamba, unaweza kuja Jumapili tupime upya? Usafiri nitalipa.

Kamba_na_Vigingi
Nitakuja. Uende kwake kabla hujapita kwa shefu. Na wale 11 uwaambie wewe mwenyewe, wasisikie sokoni.

Binti_Panzi
Neno la uongo nalirudisha nusu. Kesho tuwekee picha ya hiyo migomba.